Jiwe la nyuma ya gurudumu

Nyanya yangu kule Nyantende alikuwa na jiwe lake la kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zikiisha kukamuliwa, kinywaji kinalazwa, kinafunikwa na majani ya mugomba, na juu ya majani analiweka jiwe lile, baya, jeusi, kubwa kama kichwa cha ngombe. Siku moja shemeji yake akamuletea kifuniko cha bati kutoka mujini, kinangaa sawa kioo. Nyanya akashukuru kwa mikono miwili, akakiweka juu ya majani, halafu juu ya bati akaweka jiwe lake. Shemeji akakasirika. Nyanya akamwambia, «Bati iko ya kufunika. Jiwe iko ya kushikilia.» Sisi watoto tulicheka sana. Nimeanza mbali, najua, munisamehe. Masomo niliyaacha ku primaire, na hakuna aliyenifundisha kuanzia karibu.

Juzi habari imetufikia kutoka Kalehe: jirani yetu wa zamani, aliyepotea miaka mingi bila mutu kujua aliko, amefariki, homa tu, ilimukamata akiwa peke yake. Kule walimujua kama fundi wa baiskeli, mutu wa maneno machache. Sisi hapa Bukavu tulimujua kama shoferi mwenye kelele na kicheko, mutu ambaye ukimusalimia asubuhi unachelewa kazi. Mimi ndiye nilimupelekea muke wake ile habari. Alikuwa amekaa pa kiti chake cha mulangoni, gongo lake la kutembelea limelala pembeni. Hakulia. Alisema tu, «Basi. Sasa najua pale iko.»

Sasa niwaambie ya gari. Miaka yote wawili hao walikuwa na gari la zamani, na mbele ya geti lao iko mupando mukali, munajua vilima vyetu. Wakifika, maman, ndiye yule muke wake, anashuka, anaokota jiwe lao pembeni ya barabara, analisukuma nyuma ya gurudumu, ndipo bwana anashuka kufungua geti. Huku kwetu kila geti lina jiwe lake, na kila jiwe lina mutu wake. Halafu ndugu mudogo wa bwana, anayeishi Ulaya, akamutumia gari la mbio: milango mine, moteri inanguruma mupaka kuku wanahama. Siku ya kwanza waliteremuka nalo kutoka kilimani, freni, ndizo breki, zikaanza kunuka kama kitambaa kinachoungua. Maman akashuka katikati ya barabara. «Papa, hii gari inajua kukimbia, kusimama haijue. Miye naenda na miguu.» Na kweli, akawa anaenda misa na miguu, bwana anamufuata nyuma polepole, anamubembeleza kupitia dirisha, mutaa muzima unacheka.

Basi akaamua kubadilisha freni mwenyewe, mule mule mu parseli, kiwanja cha nyumba yao. Mudogo akatuma diski kubwa sawa sahani ya ugali wa harusi, na etriye, ndiyo vile vyuma vinavyobana diski, nzito, za rangi nyekundu. Akainua gari na kriki, akaliegemeza juu ya magogo, akatoa magurudumu yote. Kazi ya mwisho ni kutoa hewa ndani ya mafuta ya freni, na hiyo inataka watu wawili, mumoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua na kufunga. Maman akakubali kupanda, kwa sababu gari halikuwa na magurudumu.

«Kanyaga, maman!»

«Nakanyaga.»

«Shikilia! Usiachie!»

«Nashikilia mupaka wajukuu wazaliwe?»

«Achia sasa. Unakanyaga muzuri, ungekuwa shoferi.»

«Ningekuwa shoferi, weye ungekuwa unaweka jiwe.»

Aliposhuka akainama, akaona kamba ya chuma inaninginia nyuma. «Na hii?» Bwana akamwambia ni ya freni ya mukono, etriye mupya haina mahali pa kuifunga, ataitengenezea siku ingine. Halafu, sisi majirani tukiangalia, akaokota lile jiwe la geti na kulitupa mu mutaro. «Gari yenye freni hii haiombi jiwe!» Tukapiga makofi.

Jumapili maman alipanda. Walikwenda misa, wakarudi, gari likasimama mbele ya geti kama limepigiwa musumari. Maman akashika mulango, mwili wake ulizoea. «Bakia, maman,» bwana akasema. «Leo unakaa kama bibi-arusi.» Akavuta freni ya mukono, kama mukono wake ulivyovuta maisha yote, akashuka kufungua, moteri ikiwaka. Ile kamba haikuwa imeshika kitu. Gari likarudi nyuma, polepole kwanza. Alirudi mbio akashika pua ya gari kwa mikono yote miwili, likamukokota mupaka ukuta wa jirani wa chini. Muguu wa maman ulibanwa ndani.

Tangu nifikishe habari ile ya Kalehe, silali vizuri. Naangalia muji wetu, kila mutu analeta kitu chenye nguvu, na simulaumu mutu, maana huyu alifanya yote ili muke wake asiogope. Lakini freni inasimamisha kinachokimbia. Kilichokwisha kusimama kinataka kushikiliwa, kila siku, na kazi hiyo hakuna anayeipigia makofi.

Hospitalini bwana hakumuacha maman hata kidogo. Siku ya kumurudisha alimubeba mugongoni mupaka pa kiti cha mulangoni. Mimi nilikuwa pale. Maman akamushika shati. «Papa, sikukasirika. Ufunge tu ile kamba.»

«Ngoja kwanza nilete jiwe,» akasema.

Akatoka pa geti, akateremuka kando ya mutaro. Jiwe lilikuwa linaonekana vizuri, hata mimi nililiona pale niliposimama. Akafika karibu nalo, akapunguza mwendo. Nikafikiri anainama. Akapita, akaendelea kuteremuka, mikono mitupu, na hakugeuka.