Swali la Tisa Haliulizwi Sebuleni

Saa tatu asubuhi, mhudumu wa afya ya jamii ambaye mtaa mzima humwita Mama Maswali amefika swali la tisa la fomu ya afya ya akili ya wazee. Mbele yake ameketi fundi cherehani mstaafu, miaka sabini na minne. Pembeni, mkwe wa mzee anakunja nguo.

"Mzee wangu, wiki mbili hizi umewahi kuona heri usingekuwepo?"

Mkwe anadakia. "Mama Maswali nawe! Baba huyu? Anakula, analala, runinga anayo. Akose nini tena?"

Mzee anaangalia vidole vyake. "Kama alivyosema mkwe wangu."

Mama Maswali haandiki kitu. Anafunga faili. Fomu hii, iliyobuniwa na watu ambao hawajawahi kuingia sebule ya mtu, inadai ndugu awepo, asikilize, kisha atie saini. Jamani! Mzee gani atasema amechoka kuishi mbele ya mtu anayempikia?

Naye aliwahi kuitii. Mwaka jana alimhoji mwalimu mstaafu, mwanawe akiwa kiti cha pili. Akaandika "hapana". Siku ya kumi na moja alikuwa kwenye msiba wa mwalimu huyo.

"Nilimuuliza mbele ya mwanawe!" husema kila akikumbuka, na hasira yake haijapoa hata kidogo. "Aibu hiyo ni yangu, na ni ya waliotunga fomu."

Tangu hapo ana njia yake. Swali la tisa huliuliza sebuleni kwa kuwa fomu inadai, lakini jibu haliandiki; anaaga. Mgeni husindikizwa, na mzee mwenye adabu zake hawezi kukataa; huko njiani, wakiwa wawili tu, ndiko anakomsikiliza. Kati ya wazee arobaini na sita aliowahoji mbele ya ndugu, wawili tu walisema ndiyo. Aliporudi kwao na kusindikizwa, wakawa kumi na wawili. Alipeleka hesabu hiyo kwa msimamizi, akajibiwa kwamba barabarani si mahali pa kazi. Posho yake ya mwezi hainunui hata jozi ya viatu, ila maonyo hupewa bure.

"Nisindikize basi, mzee wangu."

Wakifika nyumba ya tatu njiani, mzee anasimama. "Mwanangu, kila nikilala naomba kusikuche. Nakula cha watu, nakalia cha watu."

"Umefikiria kujidhuru?"

"Nimefikiria. Hata jana."

"Ahsante kwa kuniambia. Leo hurudi peke yako. Twende wote."

Zahanati ni mwendo wa dakika kumi. Karani anaipekua fomu. "Saini ya ndugu iko wapi? Bila hiyo muuguzi hamwoni."

Mama Maswali angepiga kelele, lakini benchi zima limetega masikio, na siri ya mzee si ya benchi. Anainama dirishani, anasema kwa sauti ya chini, meno kayauma: "Mtu kaja kwa miguu yake kuomba msaada, wewe unamdai saini? Lete kalamu." Kwenye mstari wa ndugu anaandika jina lake mwenyewe.

Muuguzi anafungua mlango. Mzee anageuka. "Utanisubiri?"

"Sibanduki."

Jumatatu kuna kikao cha wahudumu na msimamizi, na anajua kosa lake litasomwa mbele ya wote.

"Walisome!" anajisemea. "Nami nitawaambia kila mmoja akae na mwanawe, aseme lililo moyoni mwake. Wakishindwa, waufute ule mstari wa saini ya ndugu. Nimeshazika mmoja kwa fomu yao. Huyu simziki."