Chaja Inayojua Betri Zote

Nichekeni tu, nimestahili. Nilinunua mjini Jinja chaja inayotambua yenyewe betri za lithiamu na za nikeli, nikaipeleka Nakaloke kumringia mama mkwe. Kwa mila yetu haturuhusiwi kutazamana, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia, akisubiri jina lake lisomwe kwenye salamu za redio.

"Mama, mashine hii haikosei!"

Betri za redio yake zilipojaa nikazitia, nikaipitisha redio chini ya pazia. Redio haikutoa sauti. Mashemeji wakanikodolea macho. Nikaanza kuilaumu redio, eti imezeeka.

Ghafla redio ikaimba kule nyuma!

"Mkwe," mama akasema polepole, "mashine yako inajua betri zote. Wewe ndiye umezitia kichwa chini, miguu juu."

Sebule ikaangua kicheko. Nikatamani nami niwe na pazia langu la kujificha.