Nzi Kwenye Ukingo wa Sahani

Nilianza kubadilisha chakula changu kwa sababu ya pini. Mimi ni karani wa shule moja ya sekondari hapa Kitale, na siku hiyo nilikuwa nimeshinda nikibandika matangazo ukutani. Jioni nilipovua viatu nyumbani nikakuta soksi imelowa damu. Pini ilikuwa imetoboa soli na kuzama kwenye kidole gumba cha mguu mpaka kichwani. Nilikuwa nimetembea nayo kutwa, nikapanda ngazi, nikapitia sokoni, na sikusikia lolote. Nilikaa kitandani nikakitazama kile kidole kama cha mtu mwingine aliyekisahau kwangu.

Daktari alisema ni kisukari, lakini hakunigombeza. Aliniuliza naweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai, nikamwambia vinne, akaandika. Akaniuliza nakunywa vikombe vingapi kwa siku. Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Ndiye aliyenielekeza kwa muuguzi mmoja mstaafu ambaye sote tulimwita Sista, aliyekuwa akiwakusanya wanawake kila Jumanne baada ya kazi katika darasa la watoto kanisani.

Tulikuwa saba. Viti vilikuwa vya watoto, vidogo, vya rangi rangi, na sisi tukavikalia miili yetu ikimwagika pande zote. Sista alikuwa na utaratibu wake: kitu kimoja kwa mwezi.

"Mkiacha vyote leo," alisema, "mwezi ujao mtakuwa mmevirudia vyote, na hasira juu yake. Tunaenda polepole. Mwezi huu ni sukari tu. Anayeweka vinne aweke vitatu, wiki ijayo viwili."

Na kila mchana saa saba, kabla ya kula, kila mtu apige picha sahani yake aitume kwenye kundi letu la simu. Wengine waitazame, waseme neno la kutia moyo. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, kujua kwamba kuna macho.

Ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri. Mwezi wa pili, mandazi na mkate mweupe vikiwa ndiyo kwanza vimeondoka, nilikwenda Bungoma kumwona mama yangu. Aliniletea chai iliyochemshwa na sukari ndani, kama kawaida yake, nikamwomba anipikie nyingine.

"Ati hutaki sukali?" mama alisema. "Nani amekufa?"

Aliipika, lakini alikaa mbele yangu akinitazama mpaka nikamaliza kikombe, uso wake umejaa wasiwasi. Nilipowasimulia wenzangu Jumanne iliyofuata, walicheka mpaka viti vikalia. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Endebess, mjane, na hatukumwita jina lingine ila Mwalimu. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na ulipoimaliza, ulijisikia umesafika?"

Nilisema labda.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mbele yetu sote. Sisi tulipokuwa tunahangaika na mandazi, yeye alikuwa ameshaacha mafuta ya kupikia. Tulipofika kwenye mafuta, yeye alikuwa ameshaacha nyama, kisha maziwa, kisha chumvi. Gauni lake la maua lilianza kumpwaya. Sista alimsimamisha mbele ya darasa, akamgeuza huku na huku tumwone, nasi tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na nitasema ukweli, nilimwonea wivu.

Kuna mambo ambayo tungepaswa kuyaona. Ukimsalimu, mkono wake ulikuwa baridi, hata jua likiwa kali. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, tamu, kali kidogo, na ilibaki darasani baada ya yeye kuondoka. Na siku moja nilimtazama nikaona kwamba katika sisi saba, yeye peke yake alitosha kwenye kile kiti cha mtoto. Alikuwa ameketi sawasawa, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi anayengoja kuitwa jina.

"Siku hizi nausikia ukimya ndani yangu," aliniambia tukitoka. "Chakula kikipita nakisikia, kama mtu anayepita nje ya dirisha. Hakiingii."

Nilidhani ni furaha.

Kisha akaacha kuja Jumanne. Alisema mvua imeharibu barabara, na kweli ilikuwa imeharibu. Lakini picha yake haikukosa. Saa saba kamili, kabla ya wote, sahani nyeupe juu ya kitambaa cha bluu: sukuma wiki, kipande cha nduma, maharagwe kidogo upande. Tulimtumia mioyo na mikono inayopiga makofi.

Siku niliyogundua, nilikuwa ofisini. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga tangu asubuhi, stima imepotea, tumekaa kwenye giza la mchana huku mabati yakinguruma. Simu ikawaka. Ilikuwa sahani ya Mwalimu, na juu ya kitambaa cha bluu kulikuwa na jua, mstari mnyoofu wa jua la dirishani umekata meza katikati.

Nikasema labda kwao hakunyeshi. Lakini nikaikuza picha ili nilione vizuri lile jua, na hapo ndipo nikamwona nzi. Alikuwa ametua kwenye ukingo wa sahani, upande wa nduma, miguu ya mbele ameikutanisha. Nikafungua picha ya jana. Nzi alikuwa pale. Ya juzi. Alikuwa pale, miguu imekutana vile vile. Nilirudi nyuma siku baada ya siku, na kwa wiki tatu zilizopita yule nzi hakuwa ameondoka.

Nilimpigia simu. Iliita mara nyingi kabla hajashika.

"Mwalimu, habari ya huko? Mmenyeshewa?"

"Sana, mama. Tangu jana."

"Na umekula?"

"Si umeona picha?" akasema. "Nimeshakula." Nyuma ya sauti yake hakukuwa na chochote. Hakukuwa na mvua, wala kuku, wala redio. Ilikuwa kama anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Nilimweleza Sista, na Jumamosi asubuhi tukaenda kwa matatu. Njiani alisema mara moja tu, "Mimi ndiye niliyemsimamisha mbele," kisha akageukia dirishani.

Boma la Mwalimu lilikuwa mwisho wa njia ya matope, mlima ukiwa nyuma yake umefunikwa na wingu. Lango lilikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni bustani. Sukuma wiki ilikuwa imeota ikanizidi kimo, mashina kama fimbo, juu imetoa maua ya njano. Kabichi zilikuwa zimepasuka zenyewe. Maboga yametambaa mpaka kwenye ngazi za nyumba, moja limelala mlangoni kabisa, kubwa, la kijivu, tukalazimika kuliruka. Ghala lilijaa mahindi mpaka yanachungulia kwenye nyufa za mbao. Chakula kilikuwa kimeizingira ile nyumba kila upande, na hakuna mkono uliokigusa.

"Hodi hapa?"

"Karibuni, karibuni dada zangu." Alitoka akitabasamu. Sikumtambua mpaka aliposema. Gauni lile la maua lilikuwa limening'inia kwenye mabega kama limeanikwa.

Ndani kulikuwa safi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Sakafu iling'aa. Sufuria zilipangwa ukutani kubwa kwa ndogo, hata moja haina weusi chini. Na hakukuwa na harufu. Sikujua mpaka siku ile kwamba kila nyumba ina harufu ya chakula, ya kitunguu cha jana, ya moshi, ya maziwa. Ile haikuwa na yoyote, isipokuwa ile tamu ya tunda bovu ambayo sasa nilijua inatoka kwake. Nilichungulia jikoni. Buibui alikuwa ametanda utando mzima kwenye mdomo wa jiko la kuni, na ulikuwa wa siku nyingi, una vumbi.

"Kaeni, kaeni tule," Mwalimu alisema. Alileta sahani tatu nyeupe, akazipanga juu ya kile kitambaa cha bluu. Akaleta vijiko. Akaleta maji tukanawa. Kisha akainamisha kichwa akaomba, maombi marefu, akishukuru kwa chakula hiki kilicho mbele yetu na mikono iliyokiandaa. Tukaitikia amina. Nilifumbua macho. Sahani zilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa akitutazama kwa upole, akingoja wageni waanze.

Kwa dakika moja, namwomba Mungu anisamehe, nilitaka kutoka mbio.

Sista ndiye aliyeinuka. Alipiga magoti kando ya kiti cha Mwalimu akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Mwalimu wangu, mara ya mwisho umekula lini?"

"Leo. Saa saba."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Sista hakubishana naye. Alinigeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko darasani, "Mama, tuwashie jiko. Tafuta unga wa wimbi. Uji mwepesi sana, na kidogo. Mwili uliokaa hivi haujazwi ghafla. Na umwombe jirani mwenye gari ajiandae." Niliung'oa ule utando kwa mkono. Niliwasha magunzi ya mahindi, moshi ukajaa, na nikaufurahia ule moshi. Unga niliupata kwa jirani aliyekuwa na gari, mwanamke aliyedhani Mwalimu amesafiri kwa mwanawe, kwa vile hajaona moshi wala taa.

Nilipoleta kikombe, Mwalimu alirudi nyuma kwenye kiti.

"Ni safi?" akauliza.

"Ni safi," Sista akamjibu, akamnywesha kijiko kimoja.

"Ni safi?"

"Ni safi, mama."

Kila kijiko aliuliza, na kila kijiko Sista alimjibu, bila kuchoka, bila kubadilisha sauti. Vijiko sita. Cha saba alikikataa, akaanza kulia bila machozi.

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, akalazwa kwa wiki kadhaa. Ni kule wodini aliponieleza, alipoanza kupata nafuu, macho yake yakiwa juu darini. Mume wake alikuwa ameanguka mezani, katikati ya chakula. Presha, walisema. Mafuta, chumvi, nyama ya kukaanga, mambo ya miaka.

"Na nani alikuwa akimpakulia?" aliniuliza. "Miaka thelathini na moja. Si mkono huu? Nilimlisha mpaka nikamuua, na yeye akisema asante. Sasa nyinyi mkaniambia kuna chakula safi. Nikaanza kutoa kilicho kichafu. Kila nilichotoa, nikaona na kinachofuata ni kichafu. Mwisho nikaona ni mkono wenyewe."

Nilimwambia hakumuua. Sidhani neno langu lilifika mbali.

Jumanne iliyofuata Sista alisimama mbele yetu, akatuambia kosa ni lake. Tukamwambia ni letu sote, maana sote tulipiga makofi. Tuliacha picha tangu siku hiyo. Sasa kila mtu huja na bakuli lake, tunapakuliana, tunakula pamoja kwenye vile viti vya watoto, tunaonana tukitafuna. Sukari yangu imeshuka. Bado tunaacha vitu, lakini kila anayeacha kitu huulizwa ataweka nini mahali pake, na asiye na jibu haachi.

Mwalimu alichukuliwa na dada yake, anayekaa Bungoma mjini. Kila nikienda kwa mama hupitia kumwona. Miezi ya kwanza dada yake alikuwa anakaa naye mezani, wanakula kijiko kwa kijiko. Amenenepa kidogo. Kuna siku anaongea vizuri, kuna siku anakaa tu akitazama mikono yake.

Mwezi uliopita nilimkuta jikoni. Alikuwa amepika kunde na ugali wa wimbi, na dada yake alininong'oneza kwamba ni mara ya kwanza tangu aje. Alinipakulia mwenyewe, mwiko ukigonga sahani. Kisha akasimama mlangoni, hakuketi. Alinitazama nikiweka mdomoni, nikitafuna, nikimeza. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, na pumzi ameizuia, kama anayengoja kitu kianguke. Nilikula polepole mpaka nikamaliza. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo, na nilikuwa nimeshiba kwa mama.

Nikamsogezea sahani, nikamwomba aniongezee.