Mahindi Kanisani

Harufu ya mahindi makavu bado hunichoma moyo. Nikipita sokoni Kitale wakati wa mavuno, magunia yakiwa yamepangwa hadi barabarani, hufunika pua kwa leso na kuharakisha, na watu hudhani ni vumbi. Si vumbi. Ni kanisa letu dogo la udongo na mabati, ukingoni mwa msitu nje ya mji huo, mwaka nilipokuwa darasa la tano. Baba yangu alikuwa naibu chifu na pia mzee wa kanisa, na kwake kazi hizo mbili zilikuwa moja. Alikuja ibadani na sare yake ya kaki, akaweka kofia juu ya Biblia, na sehemu yake ilikuwa kuombea serikali. Jamani, Baba alijua kuomba! Alianza na rais, akashuka kwa mawaziri, akafika kwa mkuu wa tarafa na askari wake, magoti yetu yakiuma sakafuni. Wagonjwa na wajane aliwaweka mwisho, kwa sentensi moja ya haraka, maana muda ulikuwa umekwisha. Aliamini kabisa kwamba kila mwenye mamlaka amewekwa na Mungu, na sisi tuliamini kwa sababu yeye aliamini.

Kisha ikaja amri kwamba ile ni ardhi ya msitu, watu wote waondoke. Baba ndiye aliyetumwa kuitangaza barazani. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yametoka shambani, na watu wakaanza kutafuta namna ya kuyapeleka kwa jamaa zao Bungoma. Baba akawazuia. Alikuwa amemuuliza mkubwa wake kuhusu kanisa, na yule bwana akacheka, akasema nani angethubutu kugusa kanisa. Hilo lilimtosha. Akawaambia watu wahifadhi mavuno kanisani, watafute makao bila haraka, kisha warudi kuyachukua.

Mama Nafula, mjane aliyeongoza kwaya na kunisuka nywele kila Jumamosi, alikuwa ameshapata mkokoteni wa punda. Alisimama mlangoni pa kanisa, mikono kiunoni. "Lakini Mzee, na wakikuja hata hapa? Mimi sina kingine, ni haya mahindi tu na watoto."

Baba akatabasamu. "Mama, serikali imewekwa na Mungu. Sasa Mungu atabomoa nyumba yake mwenyewe, kweli?"

Basi Mama Nafula akaurudisha mkokoteni kwa mwenyewe. Tulipanga magunia yake pamoja, karibu na mimbari, huku tukiimba.

Askari walikuja asubuhi moja na tingatinga. Baba alivaa sare, akasimama mlangoni, akapiga saluti. Ole wangu, ile saluti! Afisa kijana hakuitikia. "Mzee, toka hapo. Si wewe ndiye ulisoma amri?" Tingatinga likaingilia ukuta wa upande wa kwaya, mahindi yakamwagika matopeni, na mvua ikayanyeshea kutwa. Mama Nafula hakupiga nduru. Alipiga magoti akaanza kuokota punje na kuzitia kwenye leso, na Baba akapiga magoti kando yake, kofia imemwanguka, akaokota naye. Sijawahi kuona mtu mzima akilia vile.

Mama Nafula na watoto wake waliishi chini ya turubai la nailoni kando ya barabara, na baridi ya Kitale si ya mchezo. Homa ya mapafu ilimchukua kabla ya msimu wa kupanda. Watoto wakagawanywa kwa jamaa, na sijui waliko. Baba alirudisha sare, akatuhamishia kwa ndugu yake huko Lugulu, na tangu hapo watu wakiombea serikali, yeye husimama kimya, mdomo ameufunga.

Kanisa ninakoabudu sasa mjini Kitale ni la mawe. Mheshimiwa akija hupewa kiti cha mbele na maikrofoni kabla ya mahubiri, nasi tunapiga makofi, hata mimi. Jumapili iliyopita nilimpigia Baba simu baada ya ibada.

"Wameombea serikali?" aliuliza, kama anavyouliza kila wiki.

"Wameomba, Baba. Wameomba sana."

"Na wajane?"

Nikamwambia muda uliisha.

"Mama Nafula pia," akasema, "nilimweka mwisho."