Chui wa Behewa la Elisabethville

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Mimi mwenyewe nilifungiwa mle ndani, na mpaka leo silali mlango umefungwa.

Nilifanya kazi ya reli hapa Kamina, miaka ile ya Wabelgiji. Siku moja mchana treni ilifika ikivuta behewa la wanyama wa kupelekwa zoo ya Elisabethville: nyani, ndege, na chui mmoja aliyenaswa mtegoni. Chefu, mkuu wa stesheni, akanipa ndoo ya maji na funguo za vizimba. Nilipoingia tu, mlango mzito ukateleza nyuma yangu, komeo la nje likaanguka.

Niligonga, nikaita. Nani angesikia na injini inavyonguruma? Giza, joto, harufu ya kinyesi. Nyani walikuwa kimya, wamejibana kona moja. Niamini, nyani hawanyamazi bure.

"Letea miye mayi, mwana."

Sauti ilitoka kwenye kizimba cha chui. Chui hakuwemo. Mwanga wa ufa ulimwangukia mwanamume mzima, amechuchumaa uchi, mguu umevimba palipobanwa na chuma cha mtego.

"Weye uko nani?"

"Banze, wa ng'ambo ya Bukama. Muke yangu iko nangojea miye. Fungula, baba. Sitakugusa."

Funguo ninazo mkononi. Wewe ungefanya nini? Nilisukuma ndoo kwa mguu mpaka kwenye vyuma, nikarudi kuubana mgongo ukutani. Akanywa kwa ulimi. Hapo nikaanza kulia. Akainua kichwa kutoka kwenye ndoo.

"Basi," akasema, "tumefungwa sisi wawili."

Wenzangu walipofungua, mwanga ukajaa. Kizimbani alilala chui, mguu umevimba. Nikarudisha funguo kwa chefu. Treni ikaondoka naye.

Baadaye nilikwenda Bukama, nikavuka mto, nikauliza. Mke wa Banze nilimkuta akimenya mihogo. Mume wake, alisema, alitoka kwenda shamba, hakurudi. Akaniuliza kama nimesikia habari yoyote. Nilimwambia hapana.

Mwaka uliofuata nikafika zoo ya Elisabethville, Jumapili. Watu walijaa mbele ya kizimba, wanacheka, wanarusha karanga. Chui alikuwa amewapa mgongo. Nikaita taratibu, "Banze."

Akageuka.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda kutazama wanyama, tazama, cheka ukipenda. Lakini usimwite hata mmoja kwa jina la mtu. Akiitika, utamjibu nini?