Hai ya Isamu

Hapa kwetu Japani, mtu akiagizwa jambo huitika "hai". Mgeni hudhani amekubali. Wapi! Amesema tu kwamba maneno yamemfikia. Moyoni huenda anapiga kelele. Na ninyi wenye Kiswahili mtaliona neno hilo mkafikiria uzima. Isamu aliitika "hai", akafa.

Alikuwa fundi wa mabomba kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, ng'ambo ya ghuba yetu. Dada yake, Setsuko Kuwabara, alikuwa kwenye chumba cha uendeshaji siku mkuu wa zamu alipotaka vali ya bomba la mvuke ifunguliwe haraka. Setsuko ndiye aliyepeleka amri kwa simu. Isamu alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hai." Bomba likapasuka, mvuke ukamuua. Tangu hapo dada mtu aliusikia ule ukimya na lile neno kila aliposhika simu, hata akiongea na muuza samaki.

Akaacha uendeshaji, akawa mkufunzi wa wakuu wa zamu. Kazi yake ni kuwafundisha wakubwa kukubali kupingwa. Hao wakubwa nawajua, nawauzia tambi kila siku. Kupingwa hawakutaki hata na wake zao.

Numata alikuwa sugu kuliko wote. Asubuhi moja, kinu cha nyuklia kimezimwa kwa matengenezo, alimwambia Miyake, fundi wa pampu, "Fungua vali ya pili. Tumechelewa."

Miyake akanyamaza kidogo. "Hai."

Kazini kwao, fundi akishakagua huinyooshea geji ya presha kidole na kutamka kwa sauti, "Sawa!" Kidole cha Miyake kilinyooka. Mdomo haukufunguka.

Setsuko, aliyesimama nyuma yao, akasogea mbele.

"Mkuu, umesikia nini?"

"Si amekubali, Mwalimu? Au masikio yameanza kuzeeka?"

"Mdogo wangu naye alikubali hivihivi. Muulize anaogopa nini."

Numata akasonya. "Haya, Miyake. Tema."

"Mkuu... naona kama bomba linanguruma. Jana halikuwa hivi."

Kazi ikasimama mpaka jioni. Bomba likakaguliwa lote, likakutwa zima. Kilichonguruma ni feni ya chumba cha jirani.

"Miyake kakimbia feni!" mafundi wakacheka. "Kesho atakimbia birika la chai!"

Miyake akainamisha kichwa. Setsuko akamtazama Numata. Mkuu akicheka nao, kijana huyu hatafungua kinywa tena, na siku bomba litakapokuwa bovu kweli ataitika tu.

Numata akavua kofia ngumu, akamwinamia fundi wake mpaka kiunoni. "Asante. Kesho ukisikia kitu, niambie tena. Nikikukunjia uso, niambie vilevile."

Kicheko kikakatika.

Kesho yake Setsuko alikuja kwangu, akaagiza tambi, asiziguse.

"Jana niliwasha udi mbele ya picha ya Isamu," akasema. "Nikamweleza yote. Kisha nikamwita jina, nikasubiri aitike kama siku zote."

"Akaitika?"

"Kimya." Machozi yakamdondoka bakulini. "Miaka yote nimemsihi aninyamazie. Jana ndiyo amekufa kweli."