Mwanaume Aliyekuja Bandarini Akitembea

Kabla sijaolewa nilikuwa mtaalamu wa mapenzi. Masomo niliyapatia kwenye kochi la mama mdogo, pale Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mbele ya televisheni ya sola, kila Jumapili baada ya ibada. Filamu tulizileta kwenye flashi kutoka sokoni, zimetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja aliyefanya sauti zote: ya bwana, ya bibi, ya mama mkwe na, ikibidi, ya mbwa. Bwana akisema "siwezi kuishi bila wewe," bibi akajibu "hata mimi," alikuwa ni baba yule yule mwenye mafua, anajitongoza mwenyewe. Sisi tulilia vilevile.

Mengine niliyakataa hata wakati ule. Kubusiana kwenye mvua, kwa mfano. Kwetu mvua ikianza, mtu mwenye akili anakimbilia mihogo yake aliyoianika. Na ile ya mchungaji kuuliza kanisani kama kuna mwenye pingamizi, halafu mmoja akiinuka watu wanashtuka. Kwetu wenye pingamizi huanza miezi kabla, huja nyumbani kwa makundi, na hupikiwa.

Lakini kukimbia nilikuamini. Karibu na mwisho wa kila filamu mwanamke anaondoka, na mwanaume, aliyekuwa mjinga tangu mwanzo, anapata akili ghafla. Anaacha gari katikati ya njia, anasukuma watu, anapindua meza ya mama anayeuza matunda, anafika mlango wa treni ukifungwa. Anahema, anasema yale maneno, na mwanamke anashuka. Hapo mimi nilikuwa nimeloa machozi. Mama mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza ndizi na maembe sokoni, aliuliza swali moja kila Jumapili.

"Na ile matunda, nani ataokota?"

Nilimwona hana moyo.

Mimi nilikuwa na mwanaume. Aliuza vipuri vya pikipiki, na alinipenda. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mdomo wake. Asubuhi alinitumia ujumbe: "Umeamuka?" Mchana: "Umekula?" Nikipanda kwenda Fizi kumwona bibi yangu: "Umefika?" Nilikuwa kama mgonjwa aliyelazwa, na yeye muuguzi wa zamu. Kuhusu kutuma wazee wake kwa baba yangu alisema anajipanga, na alijipanga mpaka wenzangu wakazaa.

Ndipo neno likaja kutoka Kazimia. Kulikuwa na familia ya wenye maboti, na kijana wao aliniona kwenye harusi akanitaka. Huyu mdomo alikuwa nao. Aliniita malaika. Alinitumia sauti kwenye simu, muziki ukilia nyuma, kama vile anaishi ndani ya redio. Baba akaniambia niende kwa shangazi yangu huko Kazimia, nimwangalie huyo kijana vizuri, nirudi na jibu. Nikikubali, wazee wao watakuja mwezi huo huo.

Nilimweleza muuza vipuri kila kitu, pamoja na siku ya safari. Akafuta mafuta mikononi, akauliza: "Boti ya nani?"

"Ya kwabo," nikamwambia. Ya akina yule kijana.

"Sawa."

Nilirudi nyumbani nina furaha. Kwenye filamu, siku moja kabla, huwa wanasema "sawa."

Asubuhi nilisuka, nikajipaka poda, nikavaa kitenge kilichonikaa vizuri kuliko vyote, nikachagua nafasi juu ya magunia, upande unaoangalia barabara, ili akifika mbio asipate shida kuniona. Hapo ndipo filamu ziliponidanganya. Kwao chombo huondoka kwa saa. Boti ya Kazimia huondoka ikijaa, na kujaa si jambo unaloweza kuamua kwa macho, maana mimi niliiona imejaa, kisha wakaingiza makreti, kisha mbuzi, ambaye alipewa nafasi miguuni pangu. Nahodha alituambia tunatoka sasa hivi, akaenda kunywa chai. Jua likapanda, poda ikaanza kuteremka, abiria wenzangu wakanicheka. Mwanaume angeweza kukimbia kuja bandarini, akarudi nyumbani kupumzika, akakimbia tena.

Alikuja akitembea. Nilimwona kwa mbali, ana mfuko mweusi mkononi. Njiani alisimama kumsalimia mzee mmoja, na kwa jinsi walivyokuwa wakionyeshana kwa mikono, walikuwa wanazungumzia mnyororo wa pikipiki. Nilitamani kumrushia yule mbuzi.

"Juu ya nini haukukimbia?" nilimwuliza sababu alipopanda botini.

"Nikimbie juu ya nini? Boti ingali inangoya batu."

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na jile, lile jaketi la kuelea majini, la rangi ya machungwa, limepauka na linanuka samaki. Alikuwa ameliazima kwa mjomba wake mvuvi.

"Ii boti haina ata moja," akasema. "Vaa."

Kisha akapiga magoti mbele yangu. Watu wote wakageuka, mama mmoja akasema "eee," na moyo wangu ukaruka, sitaficha. Alikuwa anatafuta kamba ya chini. Akaifunga, akaivuta kuona kama imeshika, akaifunga tena.

"Unajua kule naenda juu ya nini," nikamwambia.

"Najua. Uende umuone. Mi nataka ufike tu."

Akashuka, akaenda zake dukani, akitembea. Nilikasirika hata ningelivua lile jile, kama si lile fundo.

Tulipokuwa mbali na nchi kavu upepo uligeuka. Maji yakaanza kuingia, wanaume wakayatoa kwa madumu yaliyokatwa, na waliokuwa wakicheka poda yangu wakaanza kuomba Mungu kwa sauti, kila mtu kwa dini yake. Mama aliyekaa kando yangu alinitazama kifuani, akafungua kitenge, akanipa mtoto wake mchanga. Katika boti nzima mimi peke yangu ndiye ningeelea. Nilimkumbatia yule mtoto juu ya lile jile linalonuka samaki, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikakumbuka sauti ya mwisho kutoka Kazimia, ya usiku uliopita: "Malaika, usipokuja, mi nitakufa." Alikuwa tayari kufa kwa ajili yangu. Kununua majile ya boti yao, kwa hilo alikuwa bado hajawa tayari.

Upepo ulitulia, tukafika tumeloa. Yule kijana alikuwa ufukweni, miwani nyeusi usoni. Aliponiona alikimbia. Alikimbia kweli, mikono imefunguka, kwa namna ile ile niliyoilia Jumapili zote, na njiani alikanyaga dagaa za mama mmoja zilizoanikwa mchangani. Hakugeuka. Mimi nilikuwa bado namrudishia yule mama wa botini mtoto wake.

"Malaika," akaniambia akicheka, "toa iyo kitu. Unafanana muvuvi."

Simu ikapata mtandao, ikalia. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Umefika?"

Nilijibu kabla sijamsalimia shangazi. "Nimefika. Wazee wako wajipange leo."

Wazee wake walikuja kwa baba kabla mwezi haujaisha, na wenye pingamizi walikuja pia, wakapikiwa. Jile lilirudi kwa mjomba. Siku hizi Jumapili tunakaa wote kwenye kochi la mama mdogo, na mume wangu husinzia filamu ikianza tu. Mwanaume wa kwenye filamu akianza kukimbia, mama mdogo hafungui tena mdomo. Anageuka kunitazama, anangoja niulize mimi nani ataokota yale matunda.